Bibi Titi: kutoka kwenye ngoma hadi jukwaani

Msikilizaji, ukitoka Chang'ombe kwenda katikati ya jiji utaikuta Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Wengi wanaijua barabara, mwenyewe hawamjui.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji, kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 TANU ilikuwa karibu chama cha wanaume watupu. Titi akawaendea viongozi wa ngoma za akina mama, mmoja baada ya mwingine. Kiongozi akikubali, kikundi chake kinafuata. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa na kadi. Na sauti iliyozoea kushindana na ngoma ingetishwa vipi na umati wa Mnazi Mmoja?

Baada ya uhuru akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, pia waziri mdogo. Ubunge aliukosa mwaka 1965.

Mwaka 1969 akakamatwa kwa tuhuma za uhaini. Akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972. Alitoka akaishi kimya, na wengi aliowaingiza chamani hawakugonga mlango wake. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000, alikokuwa akitibiwa.