Dakta Cicely Williams, daktari aliyepigana na maziwa ya kopo

Msikilizaji, mtoto mwenye mashavu yaliyojaa na mikono yenye mikunjo hupendwa na kila anayemwona. Majirani humsifu mama kwamba analea vizuri. Lakini si kila mwili uliojaa una afya ndani yake. Kuna daktari mmoja aliyelielewa jambo hili mapema na kulisema hadharani, wakati ambapo kulisema kulimletea taabu. Jina lake ni Cicely Williams.

Alizaliwa Jamaika tarehe 2 Desemba 1893. Alipofika miaka 13 alipelekwa Uingereza kusoma. Baadaye alisomea udaktari Oxford, na nafasi hiyo aliipata kwa sababu wanaume wengi walikuwa vitani katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Alihitimu mwaka 1923. Vita ilipokwisha wanaume walirudi, na madaktari wanawake wakapata shida ya ajira. Mwaka 1929 serikali ya kikoloni ilimpeleka Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Mshahara wake ulikuwa chini ya ule wa madaktari wanaume.

Huko, katika hospitali ya watoto ya Princess Marie Louise jijini Accra, alikutana na watoto waliomsumbua akili. Miguu yao ilikuwa imevimba, tumbo limejaa, nywele zimebadilika rangi na ngozi inabanduka. Ukimtazama mtoto wa namna hiyo kwa mbali ungeweza kudhani amenenepa, kumbe ni maji yaliyojaa mwilini. Wengi walikuwa na umri kati ya mwaka mmoja na minne, na wengi walikufa.

Dakta Williams akafanya jambo ambalo madaktari wengi wa kikoloni hawakulifanya: aliwasikiliza akina mama. Wagaa wa Accra walikuwa na jina la ugonjwa huo, kwashiorkor, yaani ugonjwa unaompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa na yeye kuondolewa kwenye ziwa. Ndilo neno ambalo sisi huku tunalitamka kwashakoo, na wengine husema unyafuzi. Vijijini kwetu mtoto akidhoofika mama yake alipopata mimba nyingine, watu husema amebemendwa, na lawama yote humwangukia mama. Wagaa nao walikuwa wameona kitu kilekile: mtoto aliyenyang'anywa ziwa kabla ya wakati.

Dakta Williams alitazama watoto hao walikuwa wakilishwa nini baada ya kuachishwa. Ulikuwa uji mwepesi wa mahindi, asubuhi na jioni. Mtoto alishiba, lakini hakupata protini ya kutosha. Mwaka 1933 aliandika makala kuhusu ugonjwa huo, na mwaka 1935 akalipeleka jina la kwashiorkor katika jarida la Lancet. Daktari mmoja mkubwa wa London alimpinga, akisisitiza kuwa huo ni pelagra tu. Leo wataalamu wanasema kwashakoo ina sababu zaidi ya moja, lakini kwamba ni ugonjwa wa pekee hakuna anayebisha.

Mwaka 1936 alihamishiwa Malaya. Huko matatizo yalianza kabla hata mtoto hajafikia umri wa uji. Makampuni ya maziwa yaliajiri wanawake, yakawavika sare kama za manesi na kuwatuma kwa akina mama waliojifungua. Waliwashawishi kwamba maziwa ya kopo, yale mazito yenye sukari, ni bora kuliko ya mama. Na katika kopo la maziwa ya namna hiyo, karibu nusu ya uzito ni sukari. Hebu fikiria mtoto wa wiki mbili anayenyweshwa hayo. Pengine atajaa mashavu, lakini hana kinga anayoipata kwa mama. Maji ya kuchanganyia yakiwa machafu, kuhara kunaanza. Na mama akiona kopo linakaribia kwisha na hela hana, huongeza maji.

Mwaka 1939 alialikwa kuhutubia klabu ya Rotary ya Singapore. Mwenyekiti wa klabu hiyo alikuwa pia mkuu wa kampuni ya maziwa. Dakta Williams hakulainisha maneno. Hotuba yake aliipa kichwa kilichounganisha maziwa na mauaji, na akasema kuwa wanaowapotosha akina mama kwa makusudi wanastahili kuhesabiwa kama wauaji. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia: ukiwa mgeni umealikwa mezani, kusema hivyo mbele ya mwenyeji wako si kazi ndogo.

Wajapani walipoiteka Singapore mwaka 1942 alifungwa pamoja na raia wengine katika gereza la Changi. Aliwahi kuwa kiongozi wa wanawake kambini. Polisi wa kijeshi walimchukua wakamhoji kwa miezi kadhaa, na aliugua beriberi na kuhara damu. Katika kambi hiyo yenye njaa walizaliwa watoto 20. Wote walinyonyeshwa na mama zao, na wote 20 waliishi.

Mwaka 1948 akawa mkuu wa kwanza wa idara ya afya ya mama na mtoto katika Shirika la Afya Duniani. Mwaka 1981, yeye akiwa na miaka 87, shirika hilo lilipitisha kanuni ya kudhibiti matangazo ya maziwa mbadala.

Siku hizi tatizo limeongezeka upande wa pili. Mwaka 2022 watoto milioni 37 wa chini ya miaka mitano duniani walikuwa na uzito uliozidi. Kunyonyesha hupunguza hatari hiyo. Mtoto anayenyonya huacha mwenyewe akishiba, ilhali mwenye chupa mara nyingi husukumiwa hadi aimalize. Ushauri ni ziwa la mama peke yake kwa miezi sita, bila hata maji, kisha chakula mchanganyiko huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Dakta Williams alifariki Oxford mwezi Julai 1992, akiwa na miaka 98. Hospitali ile ya Accra bado ipo, na bado inatibu watoto.