Maria Montessori: mama aliyefungua shule ya watoto wadogo katika mtaa wa wafanyakazi



Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, katika mikutano yetu ya sendika, kuna neno moja linarudi. Papa mmoja anasimama na kulalamika kwamba analipia mtoto maternelle, lakini akimuuliza jioni amejifunza nini, jibu ni kwamba wamecheza, wameimba, wamenawa mikono. Wengine wanapiga makofi. Tunawaelewa. Gratuité iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule ya msingi, maternelle kila mzazi anajitafutia, na pesa ya chimbo siyo ya kila siku. Basi mtoto wa miaka 4 anatolewa shuleni, na kesho yake tunamuona amekaa pembeni ya shimo, mama yake anatwanga, yeye anachezea mawe na matope.

Juu ya hilo tunataka leo kuwaelezea maisha ya Maria Montessori. Jina lake wengi wanalijua kwa kuliona kwenye kibao cha shule mjini. Lakini yeye mwenyewe alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, nchini Italia. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali na alitaka binti awe mwalimu, kazi ya wanawake wakati ule. Binti akakataa. Akasoma shule ya ufundi pamoja na wavulana, halafu akaingia udaktari. Wanaume wa chuo hawakutaka mwanamke asimame pamoja nao mbele ya maiti, basi yeye alifanya masomo ya kupasua maiti jioni, peke yake. Mwaka 1896 akapata digrii, mmoja wa madaktari wanawake wa kwanza wa Italia.

Kazi yake ya mwanzo ilimpeleka kwa watoto waliofungiwa pamoja na wagonjwa wa akili, wale ambao watu walisema hawawezi kujifunza kitu. Yeye akawapa vitu vya kushika, kupima, kupanga. Kidogo kidogo wakajua kusoma, na wengine wakapita mtihani wa serikali. Roma yote ikashangaa. Yeye akashangaa jambo lingine kabisa: kama hawa wameweza, shule zinawafanyia nini watoto wazima hata wasiwapite kwa mbali?

Katikati ya hayo kuna jambo ambalo hatutaki kulificha. Mwaka 1898 alizaa mtoto, Mario, na daktari mwenzake, bila ndoa. Kama ingejulikana, kazi ingekwisha siku ile ile. Mtoto akapelekwa kijijini kulelewa na mama mwingine, na Maria alikuwa anaenda kumtazama kama mgeni. Mama aliyefundisha dunia nzima kulea watoto hakulea wa kwake. Kwetu sisi, ambao wengi tumeacha watoto kwa bibi na kufuata dhahabu, hatuna mdomo wa kumhukumu.

Sasa tufike San Lorenzo. Ni mtaa wa wafanyakazi, Roma. Kampuni moja ya nyumba ilikuwa imetengeneza majengo na kuweka familia za wafanyakazi ndani. Asubuhi baba na mama wanaenda kazini, watoto wadogo wanabaki peke yao, wanakimbia kwenye ngazi, wanachafua kuta. Mabosi wakapiga hesabu, wakaona ni bei rahisi kutoa chumba kimoja na mlinzi wa watoto kuliko kupaka rangi kila mara. (Sisi wa sendika hesabu hiyo hatuishangai.) Wakamuita daktari Montessori. Tarehe 6 Januari 1907 chumba kikafunguliwa, watoto kama 50, wa miaka 3 mpaka 6. Anayewachunga hakuwa mwalimu wa diploma.

Alianza na nini? Na maji. Kunawa mikono, kuchana nywele, kufunga vifungo, kufagia, kupanga sahani, kubeba supu bila kumwaga. Siku moja akawaonyesha namna ya kupenga kamasi bila kelele, na watoto wakampigia makofi, juu hadi siku ile watu wazima walikuwa wanawagombeza tu kwa kamasi, hakuna aliyewaonyesha. Meza na viti vilikuwa vidogo, kabati ni fupi, mtoto anachukua kazi mwenyewe na kuirudisha mahali pake. Kulikuwa na vipande vya mti vya duara vya kuingiza katika matundu yake, kila kimoja na kipimo chake. Msichana wa miaka 3 hivi alivitoa na kuvirudisha zaidi ya mara 40, wenzake wanaimba na kucheza pembeni, yeye hasikii. Wachimbaji mnajua jambo hili. Mkono wenu unajua uzito wa jiwe mbele ya mizani, na hamkulipata darasani siku moja.

Lakini msikilize vizuri hapa, juu papa wetu wa mkutanoni naye ana haki yake. Montessori hakuwa na mpango wa kufundisha herufi kwa umri ule. Ni wazazi waliokuja kuomba, na wengi wao hawakujua kusoma. Hawakutaka watoto wao wabaki kama wao. Akakubali. Akakata herufi katika karatasi ya msasa, ile ya seremala, akazibandika kwenye ubao, mtoto anapitisha kidole na kutamka sauti yake. Miezi michache baadaye, karibu na Noeli, watoto wakaanza kuandika kwa chaki, wa miaka 4 na 5, wakiandika kila mahali wanapopata nafasi. Kidole kilikuwa kimeshazoea njia.

Yaliyofuata tutayapita haraka. Vitabu, Amerika, sifa. Mussolini akamsaidia kwanza, na yeye akapokea msaada huo, kosa ambalo hatumtetei. Baadaye wakaachana, na mwaka 1936 shule zake zikafungwa Italia. Vita vikamkuta India, ambako alifundisha walimu zaidi ya 1,000. Mario, aliyerudi kwake akiwa kijana, alikuwa msaidizi wake, lakini mbele ya watu aliitwa mtoto wa ndugu. Maria alikufa Uholanzi tarehe 6 Mei 1952, na katika wasia wake ndipo alipomuita mtoto wake.

Leo jina lake liko mara nyingi kwenye shule za watoto wa matajiri. Lakini ng'ambo ya ziwa, Tanzania, kuna vyuo vinavyofundisha walimu kwa njia yake, na hapa kwetu seremala anayo msasa, mti hauna bei kubwa.

Mkutano ujao tutaomba mambo matatu: pipa la maji na sabuni mlangoni pa darasa, masanduku mawili ya vipande vya mti, na mama anayewachunga watoto alipwe mwisho wa mwezi, asingoje. Papa mwenye malalamiko, uje. Na mtoto umlete.