Katharina Schroth: Mwalimu Aliyeufundisha Mgongo Wake

Katika gazeti hili la chama chetu tumezoea kusoma wasifu wa magwiji wa kalamu na mashujaa wa uhuru. Na sisi wa Keringet, tukitafuta shujaa wa viungo, hatuendi mbali. Tunamtaja Faith Kipyegon, aliyesomea huku huku kwetu na kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mara tatu: 2016, 2021 na 2024. Leo lakini naomba nikupeleke hadi Ujerumani, kwa mwanamke ambaye hakuvishwa medali ya mbio yoyote. Alishindana na mgongo wake mwenyewe.

Katharina alizaliwa mwaka wa 1894 katika mji wa Dresden. Alipokuwa kigoli, uti wa mgongo wake ulianza kupinda. Ugonjwa huo madaktari huuita skoliosisi. Tafadhali usiuchanganye na kibiongo. Mwenye kibiongo mgongo wake huinama mbele, ilhali kwenye skoliosisi uti huenda kando mfano wa herufi C au S, na papo hapo pingili hujizungusha kama kamba inayosokotwa. Ndiyo sababu bega moja hupanda, kiuno hakilingani, mbavu za upande mmoja hutokeza nyuma na za upande wa pili hubonyea.

Akiwa na umri wa miaka 16 alivalishwa kizibao cha chuma cha kuushikilia mwili. Kilimbana, lakini hakikumridhisha. Basi inasimuliwa kwamba siku moja aliutazama mpira uliobonyea, akawaza: mpira ukijazwa hewa, kibonyeo si hutoka? Kifua changu nacho kimebonyea upande mmoja. Kwa nini nisikijaze pumzi pale pale palipobonyea? Akasimama katikati ya vioo ili auone mgongo wake, akaanza kuufundisha. Aliunyoosha mwili juu, akausogeza kiwiliwili upande uliofaa, kisha akavuta pumzi na kuielekeza kwenye mbavu zilizolala. Hebu jaribu kupeleka pumzi ubavu mmoja tu, utaona kama ni mchezo! Alirudia na kurudia, na umbo lake likaanza kubadilika.

Mwaka wa 1921, katika mji wa Meissen, alifungua kituo kidogo cha kuwasaidia wengine. Wagonjwa walifanya mazoezi nje bustanini na kukaa naye kwa muda mrefu, maana mgongo haunyooshwi kwa siku moja. Kila mmoja alipewa mazoezi yake, kwa kuwa migongo haipindi kwa namna moja; zoezi linalomfaa huyu laweza kumdhuru yule. Hadi leo njia yake hutumia vifaa vya kawaida: kioo, ngazi ya ukutani, fimbo, na vifuko vya mchele vinavyowekwa chini ya mwili ili uulalie vyema. Kubwa zaidi, mgonjwa hufundishwa kulitambua umbo lake na kulirekebisha hata akiwa ameketi darasani au anafua nguo. Kwa ufupi, mgonjwa mwenyewe ndiye hugeuka mwalimu.

Usidhani alishangiliwa. Yeye hakuwa daktari, na wakubwa wa tiba walimbeza. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, na baada yake nchi ikagawanyika mapande mawili. Katika miaka ya 1950 Katharina na bintiye Christa walihamia Ujerumani Magharibi, na mwaka wa 1961 wakaanza upya katika mji wa Sobernheim. Christa, aliyesomea fiziotherapia, aliiendeleza kazi ya mamaye na kuiandikia kitabu. Serikali ilimtunuku Katharina nishani ya heshima, na alipoaga dunia mwaka wa 1985 alikuwa na miaka 90. Hospitali ya mji huo ina jina lake, na mazoezi yake yanafundishwa katika nchi nyingi.

Labda unauliza, haya yote yanatuhusu nini sisi wa viazi na majani chai? Yananihusu mimi kwanza. Mgongo wangu umepinda. Aliyegundua ni fundi wa nguo, aliyenishonea sketi ya shule akaona pindo linakaa mshazari kila akilisawazisha. Huku kwetu baridi haibanduki, sote tumevaa sweta kuanzia asubuhi hadi usiku, na sweta huficha mengi. Maneno nayo hayakukosa. Wapo waliosema ni mitungi ya maji niliyobeba tangu utotoni, wapo walionong'ona eti nimerogwa. Mama yangu alijilaumu mpaka akakonda. Kumbe daktari alitueleza kwamba kwa vijana wengi wenye skoliosisi chanzo hakijulikani, na mzigo au kuketi vibaya sicho. Wakati mwingine huonekana katika ukoo mmoja, basi. Siku hiyo mama alilala usingizi.

Picha ya eksirei ilionyesha digrii 22. Sasa kila siku kabla ya masomo ya jioni nafanya mazoezi niliyopangiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, na baada ya miezi kadhaa napimwa tena. Mgongo wangu haujawa mlingoti, lakini haujazidi kupinda.

Tusidanganyane lakini. Mazoezi si uganga. Mpindo huitwa skoliosisi unapofika digrii 10, na kati ya vijana 100 wapatao 2 au 3 wanao. Wengi hawahitaji zaidi ya kuchunguzwa na kufanya mazoezi. Mpindo ukipita digrii 25 hivi na mtoto bado anakua, daktari huweza kumpa kizibao, na siku hizi ni cha plastiki. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2013, uliofanywa Marekani na Kanada, ulionyesha kwamba 72 kati ya 100 waliovaa kizibao hawakufikia kiwango cha upasuaji, ilhali wasiovaa walikuwa 48. Ukifika digrii 45 au 50, upasuaji huzungumziwa. Mazoezi hutembea bega kwa bega na hayo yote. Hayachukui nafasi ya daktari.

Wasichana, tuwe macho zaidi, maana mpindo wetu ndio huzidi mara nyingi, hasa katika miaka ile tunaporefuka haraka. Kupima ni rahisi. Mwambie dada au rafiki unayemwamini avue sweta, asimame miguu pamoja, ainame mbele magoti yakiwa yamenyooka na mikono ikining'inia. Simama nyuma yake utazame. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko wa pili, msicheke wala msinong'one. Mwambieni mzazi, na mwende hospitalini.

Katharina hakungoja mtu mwingine aje kuupenda mgongo wake. Aliusoma kama somo gumu na kulirudia mpaka likamwingia. Nasi mifupa yetu bado inakua. Udongo uwahi ungali maji.