Josh Graves

Josh Graves (jina la kuzaliwa: Burkett Howard Graves, 27 Septemba 1927 – 30 Septemba 2006) alikuwa mwanamuziki wa Marekani. Anajulikana hasa kwa kuliingiza gitaa aina ya dobro katika muziki wa bluegrass, ambao ni tawi la muziki wa country.

Dobro ni gitaa lenye sahani ya alumini ndani ya mwili wake, nayo hukuza sauti ya nyuzi. Lilibuniwa Marekani katika miaka ya 1920 na familia ya Dopyera, wahamiaji kutoka Slovakia. Jina lake limetokana na jina la familia hiyo, na katika lugha yao neno hilo lina maana ya "nzuri". Mpigaji hulilaza gitaa, kisha huteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi kwa mkono mmoja huku vidole vya mkono wa pili vikizipiga.

Maisha ya awali

Graves alizaliwa Tellico Plains, katika jimbo la Tennessee. Akiwa bado mtoto alimsikia Cliff Carlisle, mpigaji mashuhuri wa gitaa la kuteleza, na tangu hapo alitaka kupiga kama yeye. Baadaye gitaa lake alilolipenda kuliko yote alilipa jina la Cliff. Aliupenda pia muziki wa blues wa Wamarekani weusi, na athari yake ilisikika katika upigaji wake maisha yote.

Alianza kazi akiwa kijana katika miaka ya 1940, akapitia bendi mbalimbali, zikiwemo za Esco Hankins, Mac Wiseman na ile ya Wilma Lee na Stoney Cooper.

Flatt na Scruggs

Wakati huo dobro lilionekana chombo cha kizamani. Lilifaa nyimbo za polepole na vichekesho vya jukwaani, lakini bluegrass ni muziki wa mbio, na Bill Monroe, mwasisi wake, hakuwa na dobro katika bendi yake. Graves alitatua tatizo hilo kwa kujifunza kwa Earl Scruggs mtindo wa kupiga banjo kwa vidole vitatu, akauhamishia kwenye gitaa lake. Dobro likaweza kukimbizana na banjo, na bado likalia kwa huzuni pale wimbo ulipohitaji.

Mwaka 1955 Lester Flatt na Earl Scruggs walimwajiri, tena kama mpigaji wa besi! Muda mfupi baadaye alihamia dobro. Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa kwa bendi yenyewe. Flatt na Scruggs walikuwa wametoka kwa Monroe mwaka 1948 na walihitaji sauti ya kuwatofautisha naye; mandolini, chombo cha Monroe, ikarudi nyuma na dobro likachukua nafasi ya mbele. Jukwaani Graves aliigiza pia vichekesho kwa jina la Uncle Josh, yaani Mjomba Josh, akiwa na mwenzake Jake Tullock.

Baada ya kuvunjika kwa bendi

Wakuu hao wawili walipoachana mwaka 1969, Graves alibaki kwanza na Flatt, kisha akahamia kundi ambalo Scruggs alilianzisha pamoja na wanawe. Mwaka 1974 aliondoka ili ajitegemee. Kuanzia miaka ya 1980 alishirikiana sana na Kenny Baker, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mpiga fidla wa Bill Monroe.

Mwaka 1997 aliingizwa katika orodha ya heshima ya Chama cha Kimataifa cha Muziki wa Bluegrass. Katika miaka yake ya mwisho alikatwa miguu yote miwili kwa sababu ya maradhi, lakini aliendelea kupiga akiwa amekaa. Alifariki Nashville akiwa na umri wa miaka 79.

Mike Auldridge, aliyenunua dobro kutoka kwake, na Jerry Douglas, aliyevutiwa naye tangu utotoni, ni miongoni mwa wapigaji maarufu waliofuata njia yake. Kumbukumbu za maisha yake zilichapishwa kama kitabu mwaka 2012.