Ignasi, mwanafunzi wa kigeni kule Paris



Wiki hizi wengi wetu tunahangaika na maombi ya vyuo vya nje: fomu, mtihani wa Kiingereza, ushahidi kwamba benki kuna hela. Basi leo nawaletea Mtakatifu Ignasi wa Loyola. Kwenye picha tumemzoea akiwa padre mwenye upara, mwanzilishi wa Wajesuiti. Mimi nampenda zaidi Ignasi wa ile miaka saba ya Paris, mwanafunzi wa kigeni asiye na kitu mfukoni.

Alizaliwa mwaka 1491 katika nchi ya Wabaski, Hispania. Alikuwa mtu wa upanga na mambo ya ikulu, hadi Mei 1521 mzinga ulipomvunja mguu pale Pamplona. Uongofu wake kitandani mnaujua. Kisichosimuliwa sana ni kwamba alipotaka kuwasaidia watu kiroho, aliona elimu hana. Chuo kikuu wakati ule kila kitu kilifundishwa kwa Kilatini, naye Kilatini hakijui. Kwa hiyo mwaka 1524, jamaa wa miaka 33, akakaa darasani Barcelona pamoja na watoto. Wale mnaoambiwa nyumbani kwamba umri umeenda, mpo?

Akaenda Alcalá, kisha Salamanca. Huko alikuwa anazungumza na watu habari za Mungu kabla hajamaliza masomo, na wakubwa wakamtilia shaka. Alifungwa siku 42 Alcalá na siku 22 Salamanca. Kosa la imani hawakuliona, ila walimkataza kufundisha mambo fulani mpaka asome miaka minne zaidi. Ndipo akaamua kwenda Paris. Alitoka Barcelona kwa miguu, peke yake, wakati wa baridi, akafika tarehe 2 Februari 1528. Na kumbe Kilatini chenyewe bado kilikuwa kibovu, akaanza tena na watoto.

Sasa sikieni habari ya ada. Alikuwa na hati ya kulipwa eskudo 25 za dhahabu. Alipozipokea akampa Mhispania mmoja waliyekaa naye amtunzie. Yule bwana akazila zote. Kufika Pasaka Ignasi hana hata ya chumba, akahamia kwenye nyumba ya wageni maskini ya Mtakatifu Yakobo, mbali na chuo. Asubuhi mlango ulifunguliwa akiwa ameshachelewa, jioni ulifungwa mapema, vipindi vikampita. Akatafuta mwalimu wa kumtumikia ili apate chakula na muda wa kusoma, asimpate. Mwisho mtawa mmoja akamshauri aende kila mwaka Flandria kuomba msaada kwa wafanyabiashara wa Kihispania, arudi na hela ya mwaka mzima. Akafanya hivyo, na mara moja akavuka hadi London. Yaani ufadhili wake aliutafuta mlango kwa mlango.

Yule aliyekula hela akaja kuugua huko Rouen, akiwa njiani kurudi Hispania. Ignasi akapata habari. Akatembea siku tatu, miguu mitupu, bila kula wala kunywa, akamfariji, akamtafutia meli na kumwandikia barua kwa rafiki zake wa Salamanca. Hapa mimi huwa nanyamaza kabisa, maana ninao wangu ambaye hata simu yake siipokei.

Mwaka 1529 alihamia chuo cha Sainte-Barbe, chumba kimoja na wageni wenzake wawili: Petro Favre, mtoto wa wafugaji wa Savoy, na Fransisko Ksaveri wa Navarra. Favre alimsaidia kuelewa falsafa. Yeye akamsaidia Favre katika mahangaiko ya moyo. Ksaveri alichukua muda kulainika, alikuwa anawaza vyeo. Tarehe 15 Agosti 1534 wote watatu walikuwa kati ya wale saba walioweka nadhiri kwenye kilima cha Montmartre. Cheti chake cha uzamili ni cha mwaka 1535. Alikuwa na miaka kama 44.

Ignasi na Ksaveri walitangazwa watakatifu siku moja, 12 Machi 1622. Favre alisubiri hadi Papa Fransisko, mwaka 2013. Na yule Ksaveri wa vyeo, mwaka 1542 akiwa safarini kwenda India, meli yake ilitia nanga hapa kwetu, Malindi.

Watakatifu wa chumba kimoja, mtuombee.