Hans Meyer na Mwinyi Amani wa Pangani

Juzi baada ya sala ya alasiri nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Kizingo, upepo wa bahari ukinipunga, mara akaja kijana mmoja wa mtaani kuniamkia. Alikuwa ndiyo kwanza arudi Kilimanjaro. Hakwenda huko kikazi, bali alikwenda kutembea, katika zile safari za starehe za kupanda milima ambazo wenye nafasi zao hulipia maelfu ya dola. Alinisimulia khabari za hema la kulia lenye meza na viti, magodoro ya kulalia, maji ya moto ya kunawa kila asubuhi, na hata choo kilichohamishwa kutoka kambi hadi kambi. Nikamwuliza kilibebwa na nani. Akacheka, akaniambia, ami, si wapagazi hao. Nikamwuliza jina la mmoja wao. Akanyamaza.

Kunyamaza kwake ndiko kulikonikumbusha Hans Meyer, Mjerumani aliyetangulia katika safari za aina hiyo, na ndiyo maana leo napenda, ndugu msomaji, tuyapitie maisha yake.

Hans Meyer alizaliwa tarehe 22 Machi 1858 katika mji wa Hildburghausen, Ujerumani. Ukoo wao ulikuwa wa wachapishaji wa vitabu. Babu yake, Joseph Meyer, ndiye aliyeanzisha kampuni iliyotoa kamusi kubwa ya elimu iliyojulikana kwa jina la ukoo huo, kitabu ambacho nyumba nyingi za Wajerumani waliosoma zilikuwa nacho. Basi Hans alizaliwa katika mali. Alisoma, akaingia katika kazi ya familia, lakini moyo wake ulikuwa safarini, na safari zake alizigharimia kwa fedha zake mwenyewe.

Zama hizo, kupanda milima huko Ulaya kulikwisha kuwa mchezo wa watu wenye wasaa. Kilele cha Mont Blanc kilikuwa kimepandwa tangu mwaka 1786, na cha Matterhorn mwaka 1865. Waliokuja nyuma walitaka mlima ambao haujakanyagwa. Kilimanjaro walikuwa wakiusikia tangu mwaka 1848, pale Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa Rabai, hapa nyuma yetu, alipoandika kwamba ameona theluji karibu na mstari wa ikweta. Baadhi ya wataalamu wa London walimkejeli. Lakini sisi watu wa Pwani tukumbuke kwamba Rebmann hakuufikia mlima ule peke yake. Aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyezijua njia za bara kabla mmisionari huyo hajatia mguu Mombasa.

Meyer alikuja mara ya kwanza mwaka 1887. Alipanda Kibo mpaka akakutana na ukuta wa barafu, akaona hana vifaa vya kuupita, akarudi. Mwaka 1888 akaja tena, safari hii pamoja na Oscar Baumann wa Austria. Safari hiyo iliishia vibaya. Pwani yote ya Pangani ilikuwa imewaka moto, watu wameinuka chini ya Abushiri bin Salim al-Harthi kuipinga kampuni ya Kijerumani iliyojitwalia forodha na kutaka kutawala. Meyer na Baumann walikamatwa na watu wa Abushiri, wakatiwa minyororo, na hawakuachiwa mpaka kikomboleo kilipolipwa. Yule tajiri aliyezoea kubebewa mizigo akaonja kidogo uzito wa chuma.

Mtu mwingine angalikata tamaa. Meyer, mwaka uliofuata, alikuwa njiani tena. Kwa kuwa Pangani hapakupitika, msafara wake wa mwaka 1889 uliondokea Mombasa yetu hii, ukakata nyika ya Taru, ukapita Taita na Taveta mpaka Marangu kwa Mangi Mareale. Safari hii alimleta Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg, bingwa wa kupanda milima ya barafu. Nyuma yao walikuwa wapagazi, wengi wao watu wa Pwani, waliobeba vichwani na mabegani mahema, vyakula, vyombo vya kupimia na nguo za baridi.

Meyer aliipanga kazi yake kwa akili. Aliweka kambi kubwa Marangu, nyingine juu ya msitu, na ya tatu kwenye mita kama 4,300, karibu kabisa na Kibo. Wapagazi walikuwa wakipanda na kushuka kupeleka chakula na kuni. Hivyo, aliposhindwa siku moja, hakulazimika kurudi chini kabisa na kuanza upya. Mipango ya safari za leo haiko mbali na hiyo.

Tarehe 3 Oktoba wazungu wale wawili walitoka usiku, wakachonga ngazi katika barafu kwa shoka, pigo baada ya pigo, wakafika ukingoni mwa shimo la volkeno. Wakaona kilele kiko mbali bado, na nguvu zimekwisha. Wakashuka, wakapumzika, wakarudi. Asubuhi ya tarehe 6 Oktoba 1889, siku Purtscheller alipotimiza miaka 40, wakasimama mahali pa juu kuliko pote katika Afrika, mita 5,895 kwa vipimo vya leo. Meyer alisimika bendera ya Ujerumani, akakiita kilele kile kwa jina la Kaiser Wilhelm, akaokota jiwe. Sehemu ya jiwe hilo alimpelekea Kaiser, nalo likatiwa katika pambo la jumba la kifalme huko Potsdam.

Sasa turudi kwenye ile kambi ya mita 4,300. Ni nani aliyekaa pale wakati wenzake wakipanda? Ni mtu mmoja wa Pangani, ambaye katika kitabu cha Meyer ameandikwa Mwini Amani, jina ambalo masikio yetu ya Pwani hulisikia kuwa ni Mwinyi Amani. Huyu, mtu wa minazi na mawimbi, alikaa zaidi ya wiki mbili mahali ambapo maji huganda usiku, akilinda hema, akiwasha moto na kupika. Meyer mwenyewe alimsifu kwa uvumilivu wake. Laiti moto ule ungalizimika, sijui kama historia ingaliandikwa hivi ilivyo.

Na huku Mwinyi Amani akimchungia Meyer moto, Wajerumani wengine walikuwa wakipigana na watu wa Abushiri huko Pwani kwao. Abushiri alinyongwa papo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889, miezi miwili na siku chache tu baada ya bendera ile kusimikwa juu ya Kibo. Mara nyingi hujiuliza mpagazi yule alikuta nini aliporudi kwao, na ni nani aliyemsikiliza akisimulia khabari ya barafu.

Meyer alirudi kwao na jina kubwa. Mwaka 1898 alizuru tena Kilimanjaro, akaona kwamba barafu imerudi nyuma tangu alipoiona mwanzo. Alikwenda Ecuador mwaka 1903, na mwaka 1911 akasafiri tena Afrika Mashariki, hadi Ruanda na Urundi. Alikuwa mtetezi mkubwa wa ukoloni. Pia alinunua vitu vya shaba ya Benin, vile ambavyo Waingereza walivipora mwaka 1897, vikawekwa katika makumbusho ya Leipzig. Ni mwaka 2022 tu Ujerumani ilipoanza kurudisha Nigeria shaba hizo. Mwaka 1915 akawa profesa wa jiografia ya makoloni huko Leipzig, ingawa hazikupita siku nyingi Ujerumani ikapoteza makoloni yote. Alifariki tarehe 5 Julai 1929.

Jina la Kaiser halikudumu kileleni. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge na bendera juu ya Kibo, na kilele kikaitwa Uhuru. Ile barafu nayo inakwenda zake: zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwako mwaka 1912 imekwisha yeyuka.

Kilichobaki vilevile ni mgongo wa mpagazi. Siku hizi sheria ya hifadhi inaweka kikomo cha kilo 20, na mizigo hupimwa langoni. Hiyo ni hatua njema. Lakini kila godoro analolalia mgeni kule juu lina mtu aliyelipandisha, ambaye aghalabu amelala juu ya kitu chembamba kuliko hicho.

Mimi simpendi Meyer kwa bendera yake wala kwa shaba zake. Lakini nampa haki yake kwa jambo moja. Mtu yule, pamoja na kiburi chote cha zama zake, aliliandika jina la mpagazi wake, na kwa sababu hiyo leo twaweza kumtaja. Kijana wetu wa Kizingo, Mwislamu na mwana wa Pwani, mwenye simu iliyojaa picha, hakurudi na jina hata moja. Chuoni tulifundishwa kwamba asiyewashukuru watu hakumshukuru Mungu, na huwezi kumshukuru mtu sawasawa ukiwa hukumwuliza anaitwa nani.

Nilimwambia hivyo, bila kumkaripia. Akafungua simu yake, akatafuta namba ya kiongozi wa safari yao, akainuka kwenda kumpigia penye kimya, karibu na bahari. Nami nikabaki barazani, nikamwombea Mwinyi Amani rehema.