Lubbock, Mbunge Aliyenunua Mawe

Ukimtaja John Lubbock darasani, utaambiwa ndiye aliyezigawa Zama za Mawe kuwa za kale na mpya, katika kitabu chake cha mwaka 1865. Basi. Mimi naona kazi yake kubwa ilikuwa bungeni, na ilimtoa jasho karibu miaka kumi.

Alizaliwa London mwaka 1834, mtoto wa mwenye benki. Charles Darwin alikuwa jirani yao kijijini, akamfundisha kuchunguza wadudu; shule yenyewe aliiacha akiwa kijana mdogo, akaingia benki ya baba yake. Yaani chuo hakusoma, lakini baadaye akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha London, kisha mbunge wa chuo hichohicho! (Enzi hizo chuo kilikuwa na kiti bungeni.)

Mwaka 1871 alipata habari kwamba ardhi ya Avebury, kusini mwa Uingereza, penye duara la mawe makubwa lenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, inauzwa viwanja vya nyumba. Akatoa pesa yake, akanunua. Karibu na hapo, West Kennet, lipo kaburi refu la mawe walimozikwa pamoja wanaume, wanawake na watoto, kama miaka 5,600 iliyopita. Nalo lingelindwa na nani? Huko watu walishazoea kuvunja mawe ya kale wajengee nyumba, na hata mwenye benki hawezi kununua kila kaburi.

Mwaka 1873 akapeleka muswada. Ukakwama, akaurudisha, ukakwama tena. Wapinzani wake walihoji: serikali imwingilie mtu kwenye mali yake kwa ajili ya wafu wasiojulikana hata majina? Swali hilo silidharau. Hata kwetu, mtu akiambiwa shamba lake ni urithi wa taifa, hufikiria kwanza atalima wapi.

Ulipopita mwaka 1882 ulikuwa umeng'olewa meno. Uliorodhesha maeneo 68, West Kennet likiwemo, lakini mwenye ardhi akitaka anayakabidhi kwa serikali, asipotaka hakuna wa kumlazimisha. Mkaguzi wa kwanza, Jenerali Pitt-Rivers, ikabidi azunguke akibembeleza. Wengine wangeususa muswada wa namna hiyo. Lubbock aliupokea, na hapo ndipo ninapomheshimu.

Mwaka 1900, alipotunukiwa ulodi, alichagua kuitwa Lord Avebury. Alifariki Mei 1913. Agosti mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria mpya, iliyoiwezesha serikali kumzuia mwenye ardhi asibomoe.